Ekinasia nyekundu zilizogeuka waridi: je, udongo umekula rangi?

Swali: "Miaka miwili iliyopita nilinunua ekinasia tatu nyekundu zikiwa zimechanua, nikazipanda kwenye tuta refu la maua kando ya ukuta, mahali panapopigwa na jua kutwa. Udongo wangu ni mzito wa mfinyanzi, kwa hiyo nilichimba mashimo mapana, nikayajaza mboji na samadi iliyooza, na kila jioni nikawa nazimwagilia. Msimu ule wa kwanza zilikuwa nyekundu kama makaa. Baada ya majira ya baridi, mbili hazikuonekana tena. Ya tatu ilichipua, nikaipa mbolea ileile ninayoipa mboga za majani. Ikarefuka mno, ikalala ubavu, na maua yake yanaanza mekundu kisha yanapauka. Pembeni mwake imeota miche kadhaa, na mwaka huu yote imetoa maua ya rangi ya waridi. Tena ua moja limetoa vishungi vya kijani juu ya kitovu chake. Jirani ananiambia kwamba udongo umekula rangi, nitie siki au nifukie misumari yenye kutu ili wekundu urudi. Je, ni kweli? Na je, nipande nyingine au niachane nazo?"

Jibu: Ndugu msomaji, asante kwa kulieleza jambo lako hatua kwa hatua, kwa kuwa maelezo ya namna hiyo ndiyo yanayomwezesha mtu aliye mbali kuliona tuta lako bila kulikanyaga. Nianze na jibu fupi: siki ibaki jikoni na misumari ibaki ndani ya kisanduku chake, kwa sababu udongo haukula rangi yoyote. Unachokiona ni mambo kadhaa yasiyo na asili moja ambayo yamekutana mahali pamoja na kuonekana kama balaa moja. Nitaanza na rangi, kwa kuwa ndiyo iliyokuumiza moyo, ingawa kwa uharaka wake vile vishungi vya kijani vingestahili kutangulia. Ikiwa unataka kwenda bustanini sasa hivi, ruka kwanza hadi mahali ninapovizungumzia, kisha urudi.

Ushauri wa jirani yako haukutoka hewani. Umetokana na haidrenjia, ambazo baadhi yake hubadilika rangi kweli kufuatana na udongo: penye asidi nyingi alumini huyeyuka, mmea huifyonza, na maua huwa ya buluu, ilhali penye asidi kidogo maua yaleyale huwa ya waridi. Watu wengi huona jambo hilo mara moja, kisha hulitumia kuelezea kila ua linalobadilika. Ekinasia haina utaratibu huo. Rangi yake imeandikwa katika urithi wake, na udongo unaweza tu kuufanya mmea uwe na nguvu au uwe dhaifu. Siki ikizidi hukausha majani na kuunguza mizizi, hata wapo wanaoitumia kuua magugu, na chuma kilicho ndani ya kutu ni kigumu mno kuyeyuka kiasi cha kuufaa mmea.

Wekundu huo basi unatoka wapi? Ekinasia iliyozoeleka zaidi katika bustani, *Echinacea purpurea*, ina petali za waridi iliyokolea inayoelekea zambarau, na rangi hiyo hutokana na kundi la anthosianini, yaani rangi za asili za mimea ambazo zimeyeyuka katika majimaji ya seli. Nduguye, *Echinacea paradoxa*, huota katika nyanda za juu za Ozark, kwenye majimbo ya Missouri na Arkansas nchini Marekani, na petali zake ni za manjano kwa sababu ya karotenoidi, kundi jingine la rangi za asili za mimea. Aliitwa hivyo kwa kuwa ni kinyume cha matarajio, mmea wa manjano katika ukoo wa mimea ya waridi. Hakuna ekinasia ya porini iliyo nyekundu kama makaa. Wataalamu wa uzalishaji waliwachanganya ndugu hao wawili, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaanza kuonekana bustanini chotara za rangi ya chungwa, mojawapo ya za kwanza ikiwa ile iliyozalishwa na Chicago Botanic Garden. Kutoka hapo zikafuata za rangi ya matofali, kisha nyekundu kabisa, kama ile iitwayo 'Tomato Soup'. Ukitaka kuelewa kinachotokea, weka kioo chembamba cha waridi juu ya karatasi ya manjano: jicho litaona wekundu, ingawa wekundu wenyewe haumo katika kioo wala katika karatasi.

Sasa utaelewa kwa nini rangi hiyo ni tete kuliko waridi ya kawaida. Inategemea tabaka mbili, na tabaka moja likipungua mizani yote hubadilika. Anthosianini hutengenezwa kwa wingi hali ya hewa ikiwa na ubaridi kidogo, hupungua siku zikiwa na joto kali, na huvunjika petali inapozeeka chini ya jua. Tuta lako liko kando ya ukuta, na ukuta unaopigwa na jua kutwa hurudisha joto juu ya maua hata baada ya jua kushuka. Ua jekundu lililo mahali hapo litapauka mapema zaidi kuliko lile lililo mita mbili mbele. Huo si ugonjwa.

Ninakuomba ufanye jaribio dogo kabla ya kuniamini. Chagua ua ambalo petali zake ndiyo kwanza zinajinyoosha, bado fupi na zenye ncha za kijani, ulifunge uzi mweupe kwenye kikonyo. Litazame kila baada ya siku mbili au tatu. Utaona petali zikirefuka na kukolea, na wakati huohuo duara jembamba la chavua ya manjano likianza ukingoni mwa kitovu na kupanda taratibu kuelekea kileleni, kwa sababu kile unachokiita kitovu ni mkusanyiko wa vijiua vingi vinavyofunguka kwa zamu kutoka nje kwenda ndani. Duara hilo likikaribia kileleni, petali zitakuwa zimeanza kuelekea waridi iliyofifia, nazo zitainama chini. Ua lenye uzi likifuata njia hiyo, mmea wako wa tatu bado ni yuleyule uliyemnunua, na kilichokuhuzunisha ni uzee wa ua moja moja.

Miche ni habari nyingine. Ekinasia kwa kawaida haijirutubishi kwa chavua yake yenyewe, na mimea yote ya jina moja iliyozalishwa maabara kutoka kipande kimoja cha mmea, kama zilivyo nyingi ya chotara hizi, ni sawa na mmea mmoja uliogawanywa. Ikiwa tatu zako zilikuwa za jina moja, hazikuweza kupeana mbegu. Nyuki alileta chavua kutoka kwingine, na katika bustani nyingi kwingine huko ni ekinasia ya waridi iliyo nyuma ya ua wa jirani. Mbegu zilianguka mwisho wa msimu wa kwanza, zikaota mwaka uliofuata, na mwaka huu zimechanua zikiwa na sura ya baba. Hata kama baba angekuwa mwekundu, watoto wa chotara hutawanyika: mmoja waridi, mwingine chungwa iliyopauka, wa tatu rangi isiyo na jina.

Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kusema kwamba mmea "umerudi asili yake". Mara nyingi mama alikwisha kufa na mwanawe ameketi kwenye kiti chake. Ili usidanganyike, chuchumaa, ondoa matandazo kwa vidole, utazame pale mashina yanapoingia ardhini. Mama atakuwa na visiki vikavu vya kijivu vya mashina ya mwaka jana, vilivyozungukwa na machipukizi mapya, ilhali mche utakuwa na kitako chake safi, umbali wa shibiri moja au mbili. Majani nayo husema. Mche wa waridi kwa kawaida huwa na majani mapana, yenye meno ukingoni na mkwaruzo ukiyapapasa, ilhali chotara nyingi nyekundu zina majani membamba zaidi na marefu, kwa kuwa zimerithi umbo la yule ndugu wa manjano. Ukitaka tuta libaki jekundu, ng'oa miche ingali midogo, au kata vichwa vya maua kabla mbegu hazijakomaa. Mimi binafsi huacha vichwa vichache vya mwisho wa msimu, kwa sababu ndege wadogo huvipenda, na ninalipa gharama ya kung'olea miche mwaka unaofuata.

Tuje kwenye vifo viwili, ambavyo naviona kuwa kiini cha swali lako ingawa hukuvipa nafasi kubwa. Ulifanya yale ambayo mtu mwenye huruma hufanya: udongo mgumu, basi chimba shimo, lijaze vitu vizuri. Mimi pia nilianza hivyo, na nilipoteza mimea sita katika majira mamoja ya baridi kabla sijafukua na kuona nilichokuwa nimetengeneza. Shimo lililojazwa mboji laini katikati ya mfinyanzi ni beseni. Maji ya mvua huingia kwa urahisi kwenye mboji, hufika kwenye kuta za mfinyanzi yasiweze kupenya, yakatuama. Nilipoutoa mmea wa kwanza, mizizi ilikuwa bado imekaa katika umbo la chungu cha dukani, imezunguka bila kutoka hata kidole kimoja, na shingo ya mmea, yaani pale mashina yanapokutana na mizizi, ilikuwa kahawia na laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, yenye harufu ya maji ya vase yaliyosahaulika.

Kinachotokea chini ya ardhi ni hiki. Mizizi hupumua, nayo huihitaji hewa iliyo katika vitundu vidogo vya udongo. Vitundu hivyo vikijaa maji, hewa hukosekana, mizizi midogo hufa, na viini vya kuoza hupata mlango wa kuingilia hadi kwenye shingo. Katika majira ya joto mmea wenye afya huweza kuota mizizi mipya na kujiokoa. Wakati wa baridi umelala, hauwezi kujitetea. Baridi kavu haiui ekinasia iliyokwisha kushika mizizi. Baridi ikishirikiana na maji ndiyo huiua. Chotara nyekundu ina udhaifu wa ziada hapa, kwa kuwa upande mmoja wa ukoo wake una mizizi mingi iliyosambaa karibu na uso wa ardhi, na upande mwingine una mzizi mkuu mnene unaozama chini kabisa katika ardhi kavu yenye mawe. Mtoto wa wazazi hao hachukulii kutuama kwa maji kama jambo dogo.

Kosa la pili halikuwa lako peke yako. Mimea huuzwa ikiwa imechanua kwa sababu ndivyo inavyovutia macho, lakini mmea uliolazimishwa kuchanua ndani ya chungu kidogo umetumia akiba yake kwenye maua. Katika msimu wa kwanza unatakiwa kufanya kazi mbili: kupeleka mizizi nje ya kile kibonge cha dukani, na kutengeneza machipukizi ya mwaka ujao kwenye shingo. Ukiuacha uendelee kuchanua hadi mwisho, utafanya kazi ya tatu na kuziacha mbili za kwanza. Kwa hiyo ninapendekeza jambo linaloonekana kuwa la kikatili: yafurahie maua hayo siku chache, kisha kata vikonyo vyote, uviweke ndani ya vase, na kila kikonyo kipya kinachotokea mwaka huo kikate kingali kifupi. Majani yasiguswe, kwa sababu ndiyo yanayopika chakula kinachowekwa akiba mizizini. Wakulima wengi wa maua hawana moyo wa kufanya hivi, na siwalaumu, ila sijaona njia nyingine inayopunguza vifo vya mwaka wa kwanza kwa kiasi hicho.

Ule mmea uliolala ubavu umeshiba kupita kiasi. Mbolea ya mboga za majani imejaa naitrojeni, kwa kuwa kwenye mboga tunachotaka ni jani. Ekinasia ikipewa naitrojeni nyingi hurefusha mashina haraka kwa seli kubwa zenye kuta nyembamba, kisha hutarajiwa kubeba kichwa kizito juu ya shina lisiloiva. Huko kwao, kwenye mbuga za Marekani, huishi katikati ya nyasi zinazoshindana nazo na pia kuzishikilia zisianguke. Acha mbolea hiyo kabisa. Kiganja cha mboji iliyoiva kilichotandazwa juu ya udongo mara moja kwa mwaka, mbali kidogo na shingo, kinatosha, na penye udongo wenye rutuba ya kawaida hata hicho unaweza kukiacha. Kumwagilia kila jioni nako kumechangia: majani hulala yakiwa yamelowa, jambo linaloyapendelea madoa ya majani, na maji ya juujuu huifundisha mizizi isishuke. Katika msimu wa kwanza mwagilia kwa wingi mara moja hivi kwa wiki ikiwa mvua haijanyesha, asubuhi, ukielekeza maji ardhini. Baada ya hapo, ekinasia iliyoshika huvumilia ukame vizuri.

Sasa vile vishungi. Kuna maelezo mawili, na tofauti kati yake ni kubwa, kwa sababu moja huisha kwa mkasi na jingine huisha kwa jembe.

La kwanza ni utitiri, wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho matupu, ambao huishi ndani ya vijiua vya kitovu na kufyonza utomvu. Kitovu hutoa vishungi vya ajabu kama vichaka vidogo, lakini petali hubaki na rangi yake, majani ni ya kijani kibichi, na maua mengine ya mmea huohuo yanaweza kuwa mazima. Kata vichwa vilivyoharibika, vitie kwenye mfuko na uvitupe, visiende kwenye lundo la mboji. Mwisho wa msimu kata mashina yote na uyaondoe bustanini.

La pili ni ugonjwa wa umanjano wa jamii ya asta, unaoletwa na fitoplazma, viumbe vinavyofanana na bakteria ila havina ukuta wa seli, navyo huishi ndani ya mishipa inayosafirisha chakula cha mmea. Husambazwa na vijidudu virukaji vinavyofyonza majani. Hapa mmea mzima huonyesha: petali zenyewe hugeuka kijani au kubaki fupi na zilizojikunja, kutoka katikati ya kitovu huchomoza majani madogo au hata kijiua kingine chenye kikonyo chake, majani ya chini huwa na umanjano, na mashina membamba dhaifu huota kwa wingi. Hakuna dawa ya kuponya. Ng'oa mmea wote pamoja na mizizi siku hiyohiyo, uutupe, kisha uchunguze jamaa zake walio karibu, wakiwemo asta na krisanthemu, pamoja na magugu. Udongo wenyewe haubaki na ugonjwa huu, kwa kuwa fitoplazma huhitaji mmea ulio hai au mdudu, hivyo unaweza kupanda tena mahali palepale.

Kwa maelezo yako, ua moja tu ndilo lililoathirika na hukutaja umanjano wala petali za kijani, kwa hiyo dau langu ni utitiri. Lakini hilo ni dau la mtu asiyeuona mmea. Kata ua hilo leo, na utazame maua matatu yajayo. Yakitoka ya kijani, usisite tena.

Kuhusu kupanda upya, jibu langu ni ndiyo, kwa sharti kwamba ulipime tuta kwanza. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na upana kama huo, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze mara ya pili na kuweka alama. Maji yakishuka sentimita 2.5 au zaidi kwa saa, panda bila wasiwasi. Yakiwa bado yamesimama siku ya pili, usipande shimoni. Inua tuta lote sentimita 20 hadi 30 juu ya ardhi iliyopo. Usijaribu kuulainisha mfinyanzi kwa debe mbili tatu za mchanga mwembamba, kwa sababu mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi hutoa kitu kinachokaribia tofali. Changanya mboji katika tuta zima kwa kina kilekile badala ya shimo mojamoja, ili maji yasipate mahali pa kujikusanya. Wakati wa kupanda, fungua mizizi iliyojizungusha kwa vidole au kwa kisu, acha shingo iwe sawa na uso wa udongo au juu yake kidogo, na usiruhusu matandazo yaiguse. Mimi hutumia kokoto ndogo kuizunguka. Kati ya mmea na mmea acha sentimita 45 hadi 60 ili upepo upite, jambo linalopunguza pia ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani. Panda mwanzoni mwa majira ya joto, au walau majuma nane kabla ya baridi kali, isiwe mwishoni mwa msimu hata kama bei imeshushwa. Na mita moja mbele ya ukuta ni bora kuliko chini yake, ilimradi mmea ubaki ukipata jua kwa muda wa saa 6 hadi 8 kila siku.

Upande nini? Chotara nyekundu za jina, zilizozalishwa maabara kwa vipande vya tishu, hukupa wekundu unaoujua kabla ya kununua, ila nakushauri uzihesabu kama mimea ya miaka mitatu au minne, ikikaa zaidi ushukuru. Mbegu za mchanganyiko kama 'Cheyenne Spirit', iliyoshinda mwaka 2013 tuzo ya All-America Selections, shirika la Marekani linalojaribu mimea mipya ya bustani, huweza kuchanua mwaka uleule wa kupandwa na hutoa mimea mingi, ila rangi ni bahati nasibu: nyekundu, chungwa, manjano, waridi na nyeupe. Panda mingi, subiri ichanue, weka myekundu na uhamishe mingine. Kwa mtu mwenye tuta refu kama lako, hii ndiyo njia ninayoipendelea. Zile zenye petali maradufu sikushauri: vichwa vyake ni vizito zaidi mvua ikinyesha, na vijiua vilivyogeuzwa kuwa petali havimpi nyuki kitu cha maana. Na ile miche ya waridi uliyo nayo usiidharau. Imeota yenyewe katika udongo wako mzito na kuishinda baridi yako, jambo ambalo mama zao wa dukani hawakuliweza. Mitatu ukiihamishia upande wa pili wa bustani ingali midogo, utakuwa na ekinasia kwa miaka mingi hata kama nyekundu zitakukatisha tamaa tena.

Niongeze neno kwa wasomaji walio karibu na ikweta, ambao huniuliza kwa nini ekinasia yao ni majani matupu. Mmea huu huchochewa kutoa vikonyo vya maua na mchana mrefu, unaozidi saa 13 hivi, na penye mchana wa saa 12 mwaka mzima unaweza kukaa muda mrefu kama fungu la majani lililokumbatia ardhi. Mbolea haitabadilisha hilo. Taa ndogo inayowashwa saa chache jioni kwa majuma kadhaa huweza kusaidia mimea iliyo kwenye vyungu, lakini kwa tuta zima sioni kama inafaa taabu yake.

Tafuta mtu wa kuutazama mmea ana kwa ana ikiwa maua ya kijani yatatokea kwenye mimea zaidi ya mmoja, ikiwa mmea utanyauka ghafla huku udongo ukiwa na unyevu, au ikiwa tuta jipya nalo litaua mimea ya kwanza. Afisa ugani au maabara ya magonjwa ya mimea ndio wanaoweza kutofautisha viini vya kuoza na kuthibitisha fitoplazma, ambayo haionekani kwa darubini ya kawaida. Usipeleke ua peke yake. Peleka mmea mzima na mizizi yake, udongo ukiwa bado umeshika, ukiwa umefungwa kwa karatasi badala ya plastiki ili usioze njiani, na uwaeleze kama ulivyonieleza mimi: ulipanda lini, shimo ulilijaza nini, na ulikuwa ukimwagilia mara ngapi.